Mafuriko yamepita, tunaenda kijijini kujitolea wiki tatu: tuanzie wapi?

Swali nililoletewa ni hili, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mtaalamu. Sisi ni kikundi cha vijana 12, yupo mwanafunzi wa ujenzi, wapo manesi wawili, wengine hatuna fani ya maana ila nguvu tunazo. Kuna kijiji cha wakulima kimepigwa na mafuriko, nyumba nyingi zimeanguka, mashamba yamefunikwa na mchanga na kisima cha pampu kimeingiliwa na maji machafu. Tumechanga hela, tumekusanya magunia ya nguo na kuna mtu ametuahidi mbegu za mahindi. Likizo yetu ni wiki tatu, miezi miwili kutoka sasa. Tuanze na nini ili tusiende kupiga picha tu na kurudi?"

Marahaba mdogo wangu. Afadhali nyie mmeuliza kabla ya kupanda gari, maana wengi huuliza wakisharudi. Ila kabla sijajibu nakurudishia swali moja, hiyo miezi miwili ikiisha mkafika, wenyeji watakuwa wanafanya nini shambani? Wanasubiri mvua, wanapanda, wanapalilia, au wameshavuna? Kwenye barua yako umeniambia likizo yenu inaanza lini lakini hujaniambia msimu wao unaanza lini, na kwa kijiji cha wakulima hiyo tarehe ya pili ndo inaamua karibu kila kitu, nini kipelekwe, nani aende, hela itumike wapi na kazi gani iachwe kabisa.

Ngoja nikupe mifano miwili uone ninachosema. Kimbunga Idai kilitua karibu na Beira, Msumbiji, usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Machi 2019, yaani wiki chache tu kabla ya mavuno makubwa. Zaidi ya hekta 700,000 za mazao ziliharibika. Sasa fikiria mkulima anayetunza mbegu zake mwenyewe, mavuno yale yale yaliyosombwa ndo yalikuwa chakula cha mwaka na ndo yalikuwa mbegu ya msimu unaofuata, kwahiyo amepoteza vyote viwili kwa mpigo mmoja. Nepal nako tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015 lilikuja wakati wa kupanda mpunga unakaribia, mbegu nyingi zilikuwa zimewekwa ndani ya nyumba na nyumba zikazifukia, na mvua za masika ya kule huingia Juni. Mtu ana wiki kama sita hivi, nyumba imelala chini, na akikosa kupanda sasa hivi anangoja mwaka. Ukimkuta mtu wa namna hiyo ukamwambia aje kwenye semina ya siku mbili ya ujasiriamali, atakuja kwa heshima tu, kimoyomoyo anahesabu siku.

Kwahiyo cha kwanza kabisa, msiende wote. Tumeni watu wawili, hata wiki hii ikiwezekana, wakae siku nne tano, wasibebe chochote cha kugawa. Na mmoja wao awe mwanamke, maana kuna mambo ya maji, vyoo, chakula cha watoto ambayo mama wa kijijini hatamwambia kijana wa kiume asiyemjua. Kazi yao iwe moja, kurudi na kalenda ya msimu ya kijiji kile. Mbinu hii ilienea sana miaka ya 1980 na 1990 kupitia watu kama Robert Chambers, mtafiti wa maendeleo ya vijijini wa kule Sussex, Uingereza, na haihitaji kompyuta wala fomu. Mnakaa chini kwenye vumbi na wenyeji, mnachora mstari, mnaugawa miezi 12, kisha wao wenyewe wanaweka mawe au punje kwenye kila mwezi, mawe mengi pale kazi inapokuwa nyingi, machache inapopungua. Mstari wa pili mvua. Wa tatu chakula kilichopo ndani. Wa nne magonjwa, wa tano madeni na ada za shule, na kadhalika. Halafu mnaangalia mawe yanapopangana. Karibu kila mara mtaona mwezi ambao kazi ni nyingi kuliko yote ndo mwezi ambao ghala ni tupu na malaria imepanda, na hapo ndo mtu wa kijijini anahitaji mkono kuliko wakati mwingine wowote.

Fanyeni zoezi hilo mara mbili au tatu na makundi tofauti, wanaume peke yao, wanawake peke yao, na kama mnaweza wale wanaokodi mashamba ya wengine. Mtashangaa kalenda zinavyotofautiana, hasa hiyo ya kazi. Na msiishie kwa walio karibu na barabara. Huyo huyo Chambers alilalamika zamani sana kwamba wageni huenda vijijini wakati wa kiangazi, barabara zikiwa nzuri, mavuno yameshaingia, watu wana afya, wanapita kwenye nyumba za kando ya lami, wanaongea na viongozi na wanaume, wanarudi wakisema hali si mbaya. Umaskini wenyewe uko kule ndani na unauma wakati wa mvua, gari halipiti.

Sasa tuseme kalenda imerudi na likizo yenu haiangukii kwenye wakati wenye kazi. Hapo msilazimishe. Hakuna aliyesema 12 lazima waende siku moja na kurudi siku moja. Wanne wakienda wakati wa kupanda, wanne palizi, wanne mavuno, kijiji kimepata msaada msimu mzima na hakijabebeshwa wageni 12 kwa pamoja. Najua mtaniambia likizo haigawanyiki, sawa, basi hela itangulie na nyie mfuate, maana hela haihitaji likizo. Wenzetu wa Peace Corps, mpango wa serikali ya Marekani wa kupeleka watu kujitolea nchi nyingine, ulioanzishwa 1961, humpa mtu kama miezi mitatu ya kujifunza lugha na mazingira kabla hajaanza hiyo miaka yake miwili ya kazi. Nyie muda wenu wote ni wiki tatu, kwahiyo ule muda wa kujifunza lazima mtu aulipie kabla, ndo maana nasisitiza hao wawili.

Tuje kwenye hizo mbegu za kuahidiwa, hapa nitakaa kidogo maana ndo sehemu ambayo nia njema huharibu mambo kimyakimya. Nguo isipofaa mtu anaiweka kando. Mbegu isipofaa anaigundua baada ya wiki tatu, ameshalima, ameshapanda, mvua ya kwanza imeshapita, na haina marudio. Muulizeni huyo mfadhili wenu ni mbegu ya aina gani, inakomaa siku ngapi, ilizalishwa kwa ajili ya ukanda upi, na tarehe yake ya kuisha ni lini. Kisha pigeni hesabu ya kurudi nyuma. Kama mvua zao kwa kawaida hukatika baada ya siku 90 na mbegu inakomaa siku 120, hiyo si msaada hata kama imekuja bure na kwenye paketi nzuri. Na kama ni chotara, yaani mbegu iliyozalishwa kwa kuchanganya aina tofauti, waambieni wazi wenyeji kwamba wakirudia kupanda punje za mavuno hayo mwaka kesho hayatafanana na ya kwanza, wengine huja kugundua wenyewe na wanawalaumu waliowaletea, kwa haki kabisa.

Kupima kama zinaota ni kazi ya mtu yeyote. Chukua punje 100 bila kuchagua nzuri nzuri, zipange kwenye kitambaa kibichi, kiviringishe, kiweke kivulini kisikauke, baada ya siku saba hesabu zilizoota vizuri. Zikiwa 85 kwenda juu mko salama. Zikiwa kwenye 60 mnaweza kupanda kwa kuzidisha idadi ya punje kwenye shimo. Zikishuka chini ya 50 msizigawe kama mbegu, tafadhali. Na zile zilizopakwa dawa, zile za rangi, msizigawe kwa kaya zenye njaa bila kuwaambia kwamba haziliwi na kuoshwa hakuziokoi, watu wenye njaa hula mbegu, na mimi siwezi kumlaumu mtu kwa hilo. Ndo maana mara nyingi mbegu hupelekwa pamoja na chakula, ili ile mbegu ifike shambani.

Halafu kuna jambo watu wa mjini hawalijui, wakulima wadogo barani Afrika hupata sehemu kubwa mno ya mbegu zao nje ya maduka rasmi, kwenye akiba yao, kwa jirani, na zaidi ya yote kwenye soko la kawaida. Kwahiyo baada ya janga swali la kuuliza ni je, mbegu hazipo, au zipo sokoni ila watu hawana hela? Yanafanana ila dawa yake ni tofauti kabisa. Kama hazipo, leteni. Kama zipo ila mifuko mitupu, basi hela zenu zigeuzeni vocha, mnapanga siku ya soko la mbegu, wauzaji wa karibu wanaleta walichonacho, kila kaya ina vocha inachagua yenyewe, anayetaka kunde anachukua kunde, anayetaka marando ya viazi vitamu anachukua, na hela inabaki palepale mtaani kwao. Mtindo huu umetumika sana tangu mwaka 2000 hivi na unafanya kazi ilimradi afisa ugani awepo kuangalia ubora. Mkija na lori la mahindi ya bure katika hali ya pili mmemuua muuza mbegu wa pale, na mwaka kesho nyie hamtakuwepo na yeye hatakuwepo.

Kama msimu mkuu umeshapotea usikate tamaa, mafuriko huacha unyevu ardhini na kwenye maeneo mengi watu hupanda kwenye unyevu huohuo maji yakishashuka. Kunde za muda mfupi zinaweza kuliwa ndani ya siku 60 hadi 75, na majani yake mapema zaidi. Viazi vitamu pia, shida ya marando ni kwamba hayakai, ukiyachelewesha siku chache juani yameisha, kwahiyo usafiri upangwe kabla ya kukata.

Mchanga shambani. Hapa najua mna hamu ya kushika sepetu, ila tupige hesabu kwanza. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Mchanga wa sentimita 10 tu juu yake ni zaidi ya mita za ujazo 400, yaani tani 600 hivi. Mtu mwenye nguvu na toroli tumpe mita za ujazo tatu kwa siku, nyie 12 mnahamisha 36, kwahiyo ekari moja inawamaliza siku 11 na bado hamjauliza huo mchanga mnaupeleka kwa nani. Wiki tatu zenu zote, bila jua kali wala mtu kuumwa, ni chini ya ekari mbili. Sasa kijiji kina ekari ngapi? Kwahiyo kusafisha mashamba kwa mikono sahau, isipokuwa bustani ndogo na vitalu.

Kinachofaa kinategemea kina. Mchanga mwembamba wa sentimita chache, plau au jembe linauchanganya na udongo wa chini na maisha yanaendelea. Ukiwa mzito zaidi, mnaacha kupanda tambarare, mnachimba mashimo hadi kukutana na udongo wa zamani au mnayajaza samadi, mnapanda vitu vinavyotambaa. Bangladesh wakulima wasio na ardhi wanalima maboga hivyohivyo kwenye mchanga ulioachwa na mito, shimo, samadi, mbegu, na maboga yanatoka. Hapo sasa nguvu zenu zina maana, shimo moja ni kazi ndogo na mashimo 100 kwa kaya moja yanaisha upesi mkiwa wengi. Kazi nyingine yenye faida kubwa kwa jasho dogo ni mifereji iliyoziba. Mfereji mmoja ukizibuliwa unakausha au kumwagilia mashamba ya kaya nyingi kwa mara moja, wala haumpendelei mtu, na ugomvi wa nani kasaidiwa nani kaachwa unapungua.

Halafu niseme ukweli ambao utawauma kidogo, wakati wa kupanda nyie msishike jembe sana. Mtu asiyezoea anapanda kina kibaya, anakanyaga mistari, saa nne mkono umeshachubuka anahitaji kuhudumiwa. Ila nyumbani kwa huyo mkulima kuna maji ya kuteka, kuni, watoto wadogo, kifusi cha jikoni, mgonjwa wa kupelekwa zahanati. Mkibeba hayo mama anapata saa tatu nne za ziada shambani kwa siku, na zile saa zake ni za thamani kuliko za kwenu mara kadhaa. Kazi hizo hazipigiki picha nzuri lakini ndo msaada wenyewe.

Maji. Hili halingoji likizo yenu wala msimu, likiwezekana lifanyike kesho. Beira mlipuko wa kipindupindu ulitangazwa tarehe 27 Machi 2019, chini ya wiki mbili baada ya kimbunga, na ikabidi chanjo ya matone ianze Aprili 3 kwa dozi karibu 900,000. Kisima kilichofunikwa na mafuriko kinatakiwa kitolewe maji na tope, kisafishwe, kitiwe klorini, kiachwe, kisha kitolewe tena maji mpaka harufu kali iishe, na kipimo cha klorini kinategemea kina na upana wa kisima, kwahiyo mtafuteni mtu wa idara ya maji au wa afya wa eneo lile, msikadirie kwa macho. Na kama ni kisima cha kuchimbwa kwa mkono asishuke mtu ndani huku mashine ya kutoa maji yenye injini inanguruma humo au pembeni mwa mdomo wake, moshi wake umeua watu wengi visimani.

Wakati kisima kinashughulikiwa manesi wenu wanatosha kusimamia maji ya nyumbani. Klorini iliyobaki kwenye maji baada ya nusu saa iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita, kuna vifaa vidogo vya kupimia kwa rangi, si ghali. Maji yakiwa na tope yachujwe au yatuamishwe kwanza, klorini kwenye matope inaliwa na matope. Viwango vinavyotumika kwenye misaada ya dharura ni angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, chanzo kisiwe mbali zaidi ya mita 500, choo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji ya ardhini na kitako cha shimo kiwe mita moja na nusu juu ya usawa wa maji ya chini. Baada ya mafuriko hicho cha mwisho ndo kinavunjwa kila siku, maana maji ya chini yamepanda na watu wanachimba shimo refu kama walivyozoea. Pengine itabidi choo kijengwe juu ya tuta la udongo lililoinuliwa.

Na hapohapo, nyie wenyewe mtajisaidia wapi? Sifanyi utani. Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010 kipindupindu kiliingia Oktoba mwaka huohuo kutokana na maji taka ya kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa, na karibu watu 10,000 walikufa. Wale walikuja kwa nia ya kulinda watu. Kwahiyo choo chenu mkichimbe siku ya kwanza, mwenye kuharisha asisafiri, chanjo mhakikishe kabla.

Pampu ikishafunguka watu hupiga makofi na kuondoka, kumbe kazi ndo imeanza. Kwenye Afrika kusini mwa Sahara makadirio yanayotumika sana yanasema kama theluthi moja ya pampu za mkono hazifanyi kazi kwa wakati wowote ule ukienda kuangalia. Sababu mara nyingi si chuma kuoza, ni mpira mdogo umechakaa, hakuna hela ya kununua, hakuna anayejua duka lake, fundi yuko mbali. Pampu kama Afridev ilibuniwa miaka ya 1980, kati ya Kenya na Malawi, kwa lengo hilohilo kwamba wanakijiji wenyewe waifungue kwa zana chache na kubadilisha mipira. Kwahiyo ulizeni ni pampu ya aina gani, nunueni seti mbili za spea, na wafunzwe watu wanne wa palepale, wawili wakiwa kinamama wenye umri ambao hawatahama, vijana ukiwafundisha ufundi wanaenda mjini na spana. Mchango wa matengenezo ukusanywe mwezi gani? Rudini kwenye kalenda, baada ya mavuno, siyo kila mwisho wa mwezi kana kwamba wanalipwa mshahara.

Nyumba sasa. Mwanafunzi wenu wa ujenzi najua macho yanamwaka. Mimi ningemwambia asijenge hata moja. Nyumba 12 za mfano zilizojengwa na wageni kwa matofali ya kuletwa huwa ni ghali, zinagombaniwa, na wenye nyumba wanajifunza tu kusubiri. Baada ya tetemeko la Gujarat, India, la Januari 2001, kisha Pakistan 2005 ambako zaidi ya nyumba 400,000 za vijijini zilijengwa upya, halafu Nepal 2015, njia iliyobeba mzigo mkubwa ilikuwa mwenye nyumba kupewa hela kwa awamu na kujenga au kusimamia mwenyewe, fundi wa kijijini anafundishwa, mkaguzi anapita kuangalia msingi kabla awamu inayofuata haijatoka. Hiyo ndo kazi ya mwanafunzi wenu kwa kiwango chake, kukaa na mafundi wa pale, kuangalia nyumba zipi zilisimama na kwanini. Mara nyingi majibu yapo wazi, zile zilizoinuliwa juu ya kitako cha mawe, zenye mapaa marefu yanayokinga ukuta, zisizokuwa kwenye mkondo wa zamani wa mto. Na fundi alipwe. Mkimfanyia kazi yake bure kijijini kwake mmemnyima hela mwaka ambao anaihitaji kuliko yote.

Muda wa kujenga nao upo kwenye kalenda, matofali ya udongo na kuezeka huwa ni kazi ya kiangazi baada ya mavuno, ndo nyasi zipo na mikono ipo. Kabla ya hapo watu wanahitaji turubai nzuri, kamba, misumari na mahali pakavu pa kuweka nafaka. Hilo la nafaka msilidharau, mahindi yaliyolowa yakiota ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu na kuyapika hakuiondoi. Mkitaka kujua kama yamekauka, chumvi kavu kwenye chupa kavu pamoja na punje, tikisa, iache itulie, chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, rudisheni juani.

Nguo: ulizeni kwanza, pelekeni zinazohitajika tu, nyingine gaweni hapohapo mlipo. Baada ya tsunami ya Desemba 2004 hata boti za uvuvi zilipelekwa nyingi kupita kiasi baadhi ya maeneo ya Sri Lanka na nyingine hazikufaa bahari, sembuse magunia ya nguo ambazo hakuna aliyeziomba. Usafiri wa magunia hayo pengine unalipa majembe.

Kuhusu kukaa kwenu, wahenga walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na nyie mnakaa siku 21. Chakula chenu mkinunue kwenye soko ambalo halina upungufu, mkikinunua pale kijijini wakati ghala tupu mnapandisha bei kwa wenyeji wenu. Mlale kwenye mahema yenu. Mikutano iwe jioni au siku ambayo wao hawaendi shambani, mkiitisha kikao saa tatu asubuhi wiki ya kupanda mtapata mahudhurio mazuri tu, wazee na watu wasio na shamba. Picha za watoto bila ruhusa ya wazazi acheni, na orodha ya misaada iandikwe ukutani watu wote waisome, nani kapata nini na kwanini, maneno ya chini chini hupungua sana.

Mkigawana hela, mimi ningetenga sehemu mapema kabisa, hata robo, isiguswe mpaka mavuno. Wawili wenu warudi wakati huo, hata kwa siku tatu. Mtaona mbegu gani ilizaa, mashimo gani yalikubali, pampu kama bado inatoa maji, na hiyo robo ndo itarekebisha yale ambayo hayakwenda. Wengi hawabakishi kitu, kwahiyo wanaorudi wanarudi mikono mitupu, au hawarudi.

Hao wawili wa kwanza wakishatoka kijijini niandikieni tena mkiwa na vitu vitatu: kalenda ya kazi ya wanawake, jibu la kama mbegu zipo sokoni au hazipo, na kina cha mchanga kwenye mashamba matatu tofauti mlichopima kwa kijiti, siyo kwa kukisia. Nikishaviona nitawaambia nani aende lini, na ile ahadi ya mahindi mwiteni huyo mfadhili mumuombe asubiri mpaka hapo.